Kiti cha Kuelekea Mama

Kwenye Furaha ya Ziwa, ile meli inayotoka Goma asubuhi na kufika Bukavu jua likianza kuinama, abiria wa daraja la kwanza hakai mezani kwa bahati nasibu. Kabla ya chakula cha mchana, Gradi, mkubwa wa resto, yaani chumba cha kulia, hupita kwa kila mmoja, akainama karibu na sikio lake na kuuliza kwa sauti ndogo: unapenda kula wapi, na nani? Halafu anauliza na jambo la tatu, ambalo hoteli kubwa za mjini hazithubutu kuuliza: kuna mtu usiyetaka kula karibu naye? Usicheke. Ziwa linachanganya watu. Utakuta wajane wawili wa mume mmoja, utakuta walioachana mwaka jana, utakuta pasta na shemasi waliogombania kanisa. Gradi huwapanga wote, wote wanashiba, na nani alimkataa nani inabaki kifuani mwake.

Wivine hakungoja kuulizwa. Mwanzoni mwa juma alishuka mwenyewe mpaka bandarini, akamwomba Gradi meza ya watu wanne, dirishani, mahali ambapo mtu anaweza kuangalia kisiwa cha Idjwi kikipita polepole. Alirudi nyumbani, mtaa wa Mapendo, na furaha yake. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Dirishani tutaangalia maji," Mama Wivine akasema. "Maji ya ziwa nayajua. Mimi nataka katikati ya resto, pale kila mutu anapita."

Basi binti akarudi bandarini, akabadilisha. Akaomba na ruhusa nyingine: mama ataleta chakula alichopika mwenyewe. Gradi akamwambia kwamba desturi ya meli haipendi sufuria za nyumbani, lakini alipouangalia uso wa huyo dada akaacha kubishana.

Sasa nikwambie kwa nini mama alitaka katikati. Mume wake, Papa Kataliko, alikuwa mchuuzi wa maharagwe na viazi kutoka Butembo, mtu mnene wa kicheko kikubwa. Jioni moja alikula bugali nyumbani kwake, akainuka kunawa mikono, akaanguka kwenye mlango wa jikoni, na hakuamka tena. Daktari akasema ni moyo. Ndugu wa marehemu wakasema ni mke. Mtaani neno likatembea kwa miguu yake lenyewe: amemlisha, amempa karuho, ile sumu ambayo mtu wa Goma anaiogopa kuliko risasi. Hakuna aliyemwambia mjane usoni, hata mmoja. Waliacha tu kula kwake. Kwenye kilio cha jirani wanawake wote wanapeleka sufuria. Za wenzake zinarudi tupu, yake inarudi kama ilivyoenda. Miaka hiyo yote Wivine ndiye aliyekuwa akila peke yake mpaka tumbo linauma, ili mama asione chakula kimebaki. Na watu wanavyopenda kusema, lisemwalo lipo.

Ndiyo maana mama, aliyemkataa Byiringiro kwa maneno makali, aligeuka siku moja akamkubali. Mwanzoni aliuliza kama vijana wa Butembo wameisha mpaka mwanawe aende kumwokota mtu wa Kalengera, mtu wa Kinyarwanda, ambaye hata nyimbo zao za harusi hazijui. Wivine alilia, akanyamaza, akalia tena. Kisha mama akasema sharti lake, na lilikuwa moja tu.

"Mukwe wangu akule chakula yangu mbele ya batu. Siku batu wa Mapendo watamuona anakula, maneno itaisha. Halafu nitaenda naye kwa Josias mimi mwenyewe."

Josias ni mdogo wa marehemu, anakaa Bukavu, na ndiye wa kupokea mahari. Naye alishatuma jibu lake: kijana aje na mkubwa wa ukoo wake wa kumsemea, na kama hana mkubwa asijisumbue kuja. Byiringiro akamleta baba yake mdogo, Muzee Munezero, mtu mrefu mwenye kofia ya manyoya na maneno machache. Ndivyo wanne hao walivyojikuta kwenye meli moja asubuhi hiyo ya mawingu.

Byiringiro ni fundi wa pano za jua. Alikuja kufunga umeme kwenye chumba cha ushonaji cha Wivine, kazi ya siku moja, ikachukua juma zima kwa sababu kila siku alisahau kitu: leo waya, kesho turnevisi ya kukazia skrubu. Wasichana wa cherehani walicheka mpaka wakachoka. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na ya huyu kijana yalikuwa kikohozi cha mtu aliyelala nje.

Lakini asubuhi hiyo, alipomsalimia Mama Wivine kwenye ngazi ya meli, hakukohoa. Alimpa mikono miwili, akainama sana, macho yake yakabaki kwenye mbao. Mama akamsalimia vizuri. Walipoachana kidogo akamvuta binti yake mkono.

"Mutu gani huyu asiyeinua macho?"

Wivine akamjibu kwamba ni heshima tu. Mama akakumbatia sufuria yake iliyofungwa kwenye kitenge cha bluu, ndani kuna kuku wa kienyeji na sombe, majani ya muhogo aliyoyatwanga tangu jogoo wa kwanza, na bugali imefunikwa kwenye sahani ya pili. Alitembea nayo kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Meli ilipoacha Goma nyuma, mlima umejificha kwenye mawingu yake, wapenzi walipata nafasi kidogo kwenye chuma cha ukingo. Hawakushikana, Muzee Munezero alikuwa anapita pita. Byiringiro aliweka mkono wake karibu na wa Wivine, vidole viwili vikagusana, na hao wawili wakaangalia maji kama watu waliolipwa kuyaangalia.

"Leo mama yako ataona namna namuheshimu," Byiringiro akasema. "Usiniulize namna gani. Utaona mwenyewe, na utafurahi."

Joto likampanda Wivine kifuani. Alimtazama, ile pua, yale macho mapole, alama ndogo ya kuungua kwenye kidevu, akaona hakuna mwanamke aliyebarikiwa kumpita. Eh, Wivine. Ungeuliza! Lakini na yeye alikuwa na lake. Tangu wajuane hakuwahi kumwambia mambo ya sumu, kwa aibu, kwa kuogopa kwamba akisikia na yeye ataanza kuangalia kikombe chake kabla ya kunywa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hapo walikuwa wawili, kila mmoja kaficha wake.

Kengele ya chakula ikalia. Resto ya Furaha ya Ziwa si kubwa. Meza zake zimefungwa chini kwa misumari ili mawimbi yasizichezee, na katikati imesimama nguzo ya chuma iliyopakwa rangi nyeupe. Ilijaa haraka. Kwenye meza ya jirani alikuwa Mama Charline, muuza vitenge wa Mapendo, mwanamke ambaye akikohoa asubuhi mtaa wote unajua mchana kwamba amekohoa. Mama Wivine alipomuona hapo hakuchukia. Alifurahi, tena sana. Alitaka shahidi, na Mungu amempa shahidi mwenye mdomo.

Akafungua kitenge. Harufu ya sombe ikatoka. Akapanga sahani nne, akaketi, akanyoosha kilemba chake. Hapo Gradi akaja, akainama kwenye sikio la Wivine, lakini mama alisikia.

"Dada, wale babwana wawili waliomba meza ingine. Asubuhi hii. Waliniomba ile ya nyuma ya nguzo, na viti vyao nimevipeleka kule."

Wivine akageuka. Nyuma ya nguzo, meza ndogo ya watu wawili, Muzee Munezero alikuwa ameshakaa. Na mbele yake Byiringiro, mgongo wake umeelekea resto nzima, amevaa shati jeupe aliloshonewa na Wivine mwenyewe. Alikaa wima kama mtoto aliyewekwa adhabu. Hakugeuka hata kidogo.

Sahani nne mezani, watu wawili. Mama Charline akaangalia sahani, akaangalia nguzo, akaangalia sufuria. Akafinya mwenzake chini ya meza.

Mama Wivine akachukua sahani nzuri kuliko zote, akaweka paja la kuku, akaweka sombe, akaweka bugali, akampa Gradi ampelekee kijana. Gradi akaipeleka. Byiringiro akasimama, akaipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa bila kugeuza uso. Halafu, badala ya kukaa nayo, akatoka nje kwa mlango wa pembeni, sahani mkononi.

"Ameenda kulisha samaki," Mama Charline akasema, si kwa sauti kubwa, ila resto ilikuwa imenyamaza.

Nakuambia ukweli, hata Wivine aliamini. Kwa muda mfupi, lakini aliamini, na muda huo mfupi ulimuuma zaidi ya yote yaliyofuata. Akainuka, akatoka mbio.

Alimkuta nyuma ya kabati la makoti ya kuokolea, amempa upepo mgongo, anakula. Anakula kwa njaa, kwa vidole, mfupa wa kuku ameshauvunja na kuunyonya. Alipomuona akatabasamu na mdomo umejaa.

"Mwambie mama yako mukono yake ni muzuri. Sijakula sombe kama hii."

"Unakula huku?"

"Nakula huku."

"Kwa nini hukukaa na sisi?"

Byiringiro akamaliza kutafuna. Akaona uso wake, tabasamu likapotea. Akaanza kueleza, na alieleza kwa upole wa mtu anayetoa zawadi. Kwao, akasema, mkwe hali mbele ya mama mkwe wake. Mdomo wake haufunguki kwa chakula mbele ya mwanamke aliyemzaa mke wake. Akimletea chakula anakipokea kwa heshima, anakwenda kukila mahali macho ya mama hayafiki. Wengi wameiacha desturi hiyo. Mjini watu wanakula na wakwe zao na picha wanapiga. Lakini mama yake, Nyiramahirwe, hajaiacha, na Muzee Munezero hajaiacha. Kaka yake Théoneste alikula meza moja na mama mkwe siku ya harusi, na mimba ya kwanza ikatoka, na ya pili ikatoka, na mke akarudi kwao.

"Sijue kama ni juu ya chakula," Byiringiro akasema. "Lakini mama yangu anaamini hivyo. Alikubali nikuoe wewe, binti ya Butembo, kwa neno hili moja. Kukaa nyuma ya nguzo, Wivi, ni kusema mbele ya Muzee kama niko mukwe wa mama yako tayari. Ni neno kubwa kuliko ng'ombe za mahari."

Wivine alishika chuma cha ukingo. Alitaka kucheka, alitaka kumpiga. Ndipo akamwambia. Alimwambia yote, mlango wa jikoni, ndugu wa baba, sufuria zinazorudi zimejaa, jinsi mama alivyotaka meza ya katikati na kwa nini. Alisema haraka, bila kumwangalia. Alipomaliza, Byiringiro alikuwa ameshusha sahani chini, na uso wake umekuwa kama wa mtu aliyekanyaga kaburi gizani.

"Na mimi nimebeba chakula yake nimetoka nayo nje," akasema.

"Mbele ya Mama Charline."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe, kwa nini hukuniambia?"

Meli ilikuwa inapita karibu na Idjwi, mashamba ya migomba yanaonekana, mtu mmoja pwani akawapungia mkono. Hawakumpungia.

Wivine akamshika mkono, mkono wenye mafuta ya kuku. Akamwomba aingie, akae mbele ya mama, ale tonge moja, moja tu, watu waone. Byiringiro alitikisa kichwa polepole. Akamweleza kwamba akila mbele ya Mama Wivine, kwao amesema mbele ya watu kwamba huyu si mama mkwe wake, kwamba hakuna ndoa. Muzee atasimama palepale. Bukavu hatafika kwa Josias.

"Tutatafuta mukubwa mwingine," Wivine akasema.

"Nani? Baba yangu alikufa. Mukubwa yangu ni huyu mumoja. Na Josias hapokei mutu asiye na mukubwa, wewe mwenyewe uliniambia. Na mulango ya mama yangu utakuwa umefungwa."

"Kwa hiyo mama yangu abaki muchawi."

Neno hilo lilimchoma Byiringiro, likaonekana usoni. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa chini sana, Wivine ilibidi asogee.

"Nenda umueleze. Kama mama ataelewa, tumepona. Kama haiwezekani, utachagua wewe. Mimi siwezi kukupima na jina ya mama yako. Ukiniita nitakuja, nitakula mbele yake, nitashiba. Ila ujue, Wivi, siku hii ukiniita mezani, unaniita kuniaga."

Akamwangalia. Macho yale yaliyokuwa hayainuki mbele ya mama yaliinuka sasa, yakakaa kwake, hayakutaka kuondoka. Wivine alitamani meli izame kidogo tu, kiasi cha kuwafanya watu wote wasahau chakula. Meli haikuzama. Byiringiro akaokota sahani yake tupu, akarudi nyuma ya nguzo, na resto nzima ikaiona ile sahani inarudi bila kitu na ikajua, kwa akili yake yenyewe, chakula kilikoenda.

Mama alikuwa amekaa vilevile. Hajagusa chakula. Wivine akaketi karibu yake, akamweleza desturi ya watu wa Byiringiro kwa sauti ya chini, kwamba ni heshima, kwamba amekula, kwamba yeye kwa macho yake amemuona akinyonya mfupa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza siku zote.

"Nakuamini," akasema. "Mutoto ya batu, ana adabu yake. Simuchukii." Akageuza macho kidogo kuelekea meza ya Mama Charline, ambako vichwa vitatu vilikuwa vimekutana. "Lakini nani ataenda kuwaeleza hawa? Wewe utapita meza kwa meza? Wameona sahani inatoka. Jioni hii Mapendo itasema hata mukwe wake ameikataa. Mbele ya leo ilikuwa ndugu za baba yako tu. Sasa ni mukwe."

Wivine hakumwambia gharama ya lile tonge. Angesema, mama angekubali. Hilo ndilo lililomtisha. Mama angesema, mwanangu, olewa, mimi nimeshazoea. Na angerudi Mapendo kuzoea mpaka afe.

Mama akaanza kufunika sufuria. Alikunja kitenge cha bluu pembe kwa pembe, polepole, akafunga fundo.

"Nitashuka nayo imejaa," akasema. "Si kitu. Utaikula wewe, kama siku zote."

Hapo ndipo moyo wa Wivine ulipokatika. Si kwa lawama, maana mama hakulaumu. Ni lile neno, kama siku zote. Akajiona mtoto wa shule anasukuma bugali mdomoni na ameshashiba, na mama anamwangalia, na wote wawili wanajifanya kwamba ni njaa.

Akainuka. Alitembea mpaka kwenye mlango wa jiko ambako Gradi alisimama na taulo begani.

"Gradi, ongeza kiti kimoja ku meza yetu. Kile cha kuelekea mama."

Gradi akasita. Akamkumbusha kwamba yule bwana aliomba mwenyewe kukaa kule.

"Najua. Mwambie ni mimi naomba."

Gradi alimtazama, na sijui alielewa nini, lakini miaka yake ya kupanga watu mezani imemfundisha kuona kiti kizito. Akabeba kiti, akakiweka. Akaenda nyuma ya nguzo, akainama.

Mgongo wa shati jeupe haukusogea. Wivine alihesabu mishono ya bega, ile ya kulia aliifumua mara mbili kabla haijakaa sawa. Kisha Byiringiro akageuka. Alimwangalia kwa urefu wa resto ile yote, juu ya vichwa vya watu na chupa na sahani. Alitazama tu kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri. Na Wivine, ambaye angeweza kutikisa kichwa, ambaye alikuwa na nafasi ya kutikisa kichwa, hakukitikisa.

Byiringiro akasimama. Muzee Munezero akamshika mkono wa shati, akamwambia neno moja fupi la Kinyarwanda. Kijana akautoa mkono wa Muzee kwa mikono yake miwili, kwa heshima, kama anavyotoa kitu cha thamani mahali kilipokaa, akauweka juu ya meza. Akaja.

Alikaa. Alimwangalia Mama Wivine usoni kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Mama, nilikosa adabu," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Nilikula ile ya kwanza huko inje kwa njaa, kama mwizi. Kama imebaki, uniongeze."

Mama Wivine alifungua fundo. Aliweka bugali, akaweka sombe, akatafuta firigisi ambayo kwao inapewa mwanaume, akaiweka juu. Byiringiro akanawa, akakata tonge, akalichovya, akala. Akakata jingine. Mama Charline alishika kijiko hewani kama aliyesahau kinaenda wapi. Kijana alikula bila haraka, uso kwa uso na mama, kila tonge likaonekana likiingia na kushuka. Kila tonge Wivine alilisikia kwenye koo lake mwenyewe.

Nyuma ya nguzo Muzee Munezero alivaa kofia yake. Alimwita Gradi, akamwomba mahali pengine pa kukaa, juu, nje, peke yake. Akapita kando ya meza yao bila kusalimu, bila kutazama, na mlango ukajifunga nyuma yake.

"Na ule muzee?" mama akauliza.

"Anasikia joto, mama," Wivine akasema.

Byiringiro hakuinua kichwa. Akaendelea kula.

Halafu likatokea lile ambalo mama alilingoja miaka yote. Mama Charline alisimama, akaja na sahani yake, na aibu kidogo kwenye midomo. Akasema harufu hiyo inamsumbua tangu saa ile, Mama Wivine amuonjeshe sombe kidogo. Mama akampa. Mwenzake wa pili akaja. Mtu mzima mmoja wa meza ya dirishani, asiyejulikana, akauliza kama kuna hata mchuzi. Sufuria ilizunguka, kijiko kikaanza kugonga chuma cha chini, na mama akacheka. Wivine alikuwa amesahau kicheko hicho. Kilikuwa cha msichana.

"Umeona?" mama akamnong'oneza, macho yamejaa maji. "Tonge tu. Mutoto muzuri, huyu. Leo nitamsemea kwa Josias mpaka Josias achoke. Nitamwambia, huyu si mukwe, ni mutoto yangu wa tumbo."

Chini ya meza mguu wa Byiringiro uligusa wa Wivine, ukakaa hapo kidogo, ukaondoka.

Milima ya Bukavu ilikuwa inaonekana dirishani Gradi alipopita tena kukusanya sahani. Kama ilivyo kazi yake, aliinama mezani kwa wale wenye biye, tiketi ya kwenda na kurudi, akauliza siku ya kurudi watapenda kula wapi, na nani. Wivine alitaka kujibu haraka. Mama alimtangulia, na hakujibu sikioni. Alijibu kwa sauti ya kusikika na resto nzima.

"Hapa hapa, baba. Meza hii hii ya katikati. Batu wanne."

Gradi akamtazama Wivine, akangoja. Wivine akaangalia sufuria tupu, akaangalia mama yake anavyokunja kitenge cha bluu, akaitikia kwa kichwa. Gradi akasema ndiyo mama, akachukua sahani ya Byiringiro, akaenda nayo jikoni.